Historia Imo Chunguni

Ndugu msomaji, nani alikwambia kwamba historia ni ya wafalme na majemedari peke yao? Shuleni tulikaririshwa miaka ya vita na majina ya magavana. Mtihani ukaja, mtihani ukapita. Leo naomba tukae jikoni. Nataka tuitazame historia ya nchi moja ya mbali, Ufilipino, kupitia mboga zake za bei ndogo, zile anazopika mama mwenye watoto saba, mume wa kibarua na mfuko mwembamba. Hoja yangu ni moja tu: chakula ambacho watu hukionea haya na kukiita cha maskini ndicho kilichotunza habari za nchi ile, na za watu wake wa kawaida ambao hakuna aliyewajengea sanamu.

Utaniuliza, Ufilipino na sisi wapi na wapi? Mimi nilifanya kazi Muscat miaka miwili, katika jiko la mkahawa mmoja, na wenzangu wengi pale walikuwa Wafilipino. Vyakula vya wateja tulipika kama tulivyoagizwa, lakini msosi wetu wafanyakazi tulipika kwa zamu, kwa mchango wa baisa chache kila mtu. Zamu ya Wafilipino ilikuwa inaongozwa na mama mmoja wa Ilocos, ambaye wote tulimwita Ate, maana yake dada mkubwa. Wewe acha tu! Nusu kilo ya choroko, mafungu mawili ya majani, vichwa vya samaki waliobaki, na watu 12 tukashiba. Mboga zenyewe mimi, mtoto wa Temeke, nilizijua karibu zote: bamia, bilinganya, choroko, mlonge. Nilichokuwa sikijui ni upishi wake na mambo yaliyojificha ndani yake. Nikaanza kuuliza, kisha nikaanza kusoma, na mpaka leo sijaacha.

Ulam ni mboga

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwa Mfilipino, mlo ni wali. Kitu chochote kinachosindikiza wali kinaitwa ulam. Ni sawasawa na sisi tunapouliza, "Mboga leo nini?" na jibu likawa dagaa, au hata nyama siku ya mshahara. Basi kazi ya ulam katika nyumba yenye watu wengi ni kuwa na ladha kali, ili kijiko kimoja kisindikize wali mwingi. Ndiyo maana jikoni kwao hakukosi bagoong, samaki wadogo au uduvi waliochachushwa kwa chumvi mpaka wakawa uji mzito. Harufu yake, bwana, inakutangulia mlangoni. Lakini kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima: ni chumvi, ni kiungo, na ni kionjo cha samaki siku ambayo samaki mwenyewe hayupo.

Ate alikuwa na kanuni zake, na alizisema kama mtu anayesoma sheria. Anza na kitunguu saumu, kitunguu maji na nyanya kwenye mafuta kidogo. Ngumu zitangulie, laini zifuate, majani yaingie mwisho moto ukishashushwa. Maji ya pili ya kuoshea mchele usimwage, yafanye mchuzi. Vikonyo vya mmea wa boga usitupe, ni mboga ya kesho. Mlonge usinunue, kapande ukutani.

Hebu tuichukue kanuni ya kwanza. Kule kukaanga vitunguu na nyanya wenyewe wanakuita gisa, neno lililotokana na guisar la Kihispania. Nyanya yenyewe wanaiita kamatis, na jina hilo mizizi yake iko Meksiko, katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Yaani kabla mboga haijaingia sufuriani, Uhispania na Meksiko zimeshakaa humo. Zilifikaje?

Meli za fedha na mbegu

Magellan alifika visiwa vile mwaka 1521, akauawa huko huko Mactan. Wahispania walirudi kwa nguvu mwaka 1565, na mwaka 1571 wakaifanya Manila kuwa makao yao makuu. Kuanzia 1565 mpaka 1815, kwa miaka 250, meli zao kubwa zilivuka Bahari ya Pasifiki kati ya Manila na Acapulco. Vitabu vinatusimulia habari za fedha ya Marekani iliyokwenda mashariki, na hariri na vyombo vya kaure vya China vilivyorudi magharibi. Hesabu za fedha ziliandikwa kwa wino. Mbegu nazo zilisafiri, na nani aliziandika? Nyanya, mahindi, maboga, karanga, pilipili na papai vilishuka pwani bila mbwembwe, vikaingia bustani za watu. Hata kiazi kitamu wanakiita kamote, neno jingine la Kinahuatl.

Wachina nao walikuwepo, wafanyabiashara wa miaka mingi, ambao Wahispania waliwawekea mtaa wao pembeni mwa Manila katika miaka ya 1580. Kutoka kwao jiko la Kifilipino lilipata tokwa, ile jibini ya soya, na toge, yaani machipukizi ya choroko. Ukichukua konzi ya choroko ukailoweka siku chache, inakuwa bakuli zima la mboga. Maskini gani atakataa hesabu hiyo?

Kuna wimbo wa watoto unaoitwa Bahay Kubo, unaosifu kibanda kidogo na bustani yake. Mtoto wa Kifilipino anaujua kabla hajajua kuandika jina lake. Ndani yake imetajwa mimea 18. Nilipoichambua na Ate nikashangaa jinsi Kiswahili kilivyo na majina ya mingi kati yake: bilinganya, karanga, fiwi, mumunye, dodoki, boga, figili, tangawizi, ufuta. Na mitano kati ya ile 18 asili yake ni bara la Amerika. Kwa hiyo wimbo wanaouita wa kienyeji kabisa umebeba ndani yake shehena ya meli za mkoloni. Sisemi kwamba kwa hiyo si wa kwao. Nasema watu walipokea mbegu kutoka kwenye meli ambazo hazikuwa zao, wakazifanya zao kwa kupanda, kupika na kuimba.

Na kuna jambo litakalokufurahisha. Katika wimbo huo umo sitaw, ule mharage mrefu kama kamba ya kiatu, ambao familia kubwa huupenda kwa sababu fungu moja linajaza sufuria. Wataalamu wa mimea wanatuambia ni ndugu wa damu wa kunde, na kunde ilianza kulimwa Afrika. Ilisafiri zamani sana mpaka Asia, huko ikarefuka ikapata jina jipya. Kumbe Muscat nilikuwa nakula shangazi yangu wa mbali!

Kuku wa Ibarra, boga la padri

Nyie mnaotaka kuwa waandishi, nisikilizeni hapa. José Rizal, shujaa mkuu wa Ufilipino, alichapisha riwaya yake Noli Me Tangere mwaka 1887. Mwanzoni kabisa kuna karamu. Kijana Ibarra amerudi kutoka Ulaya, na mezani inaletwa tinola, mchuzi wa kuku na mamumunye. Ibarra anapata vipande vizuri. Padre Dámaso, yule padri Mhispania mwenye kiburi, sahani yake inakuja na shingo tupu, bawa gumu na mboga tele. Anaiponda ile mboga, anaonja mchuzi, anadondosha kijiko kwa kishindo na kuisukuma sahani. Rizal hakuhitaji hotuba ya kurasa kumi. Kila msomaji wa visiwa vile alielewa kwamba kupewa mboga badala ya nyama ni kuambiwa cheo chako.

Rizal aliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896. Kipimo kile cha sahani hakikufa naye. Nyama ni heshima, mboga ni unyonge: hilo lipo Manila, na tusidanganyane, lipo na hapa kwetu. Mgeni akija tunakimbilia kuku, mchicha tunauficha.

Pinakbet

Twende kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, kwao Ate. Ilocos ni ukanda mwembamba, bahari upande mmoja na milima upande wa pili, ardhi yenyewe si ya kujivunia. Waspania waliongeza chumvi kwenye kidonda. Mwaka 1782 walianzisha ukiritimba wa tumbaku, uliodumu mpaka 1882. Katika maeneo ya kaskazini, Bonde la Cagayan na sehemu za Ilocos zikiwemo, mkulima alipangiwa tumbaku ya kulima, na mnunuzi alikuwa serikali peke yake, kwa bei yake yenyewe. Ikafika wakati wakulima wanalipwa hati za ahadi badala ya fedha. Jaribu kupika hati ya ahadi uone kama inaiva! Mwaka 1807 watu wa Ilocos waliasi kwa sababu ya ukiritimba mwingine, wa pombe yao ya miwa iitwayo basi, na uasi ule ukazimwa kwa damu.

Sisemi kwamba pinakbet ilizaliwa na tumbaku. Nasema kwamba watu walioishi hivyo walijifunza kuthamini kilichoota uani. Jina pinakbet linatokana na neno la Kiilokano lenye maana ya kunywea, kukunjamana. Ndani yake mna karela, yale matango machungu yanayouzwa na Wahindi, bilinganya, bamia, sitaw, nyanya, tangawizi na bagoong. Vyote vinapangwa kwa tabaka chunguni, maji kidogo mno, kifuniko juu, moto wa taratibu. Marufuku kukoroga. Ukitaka kuchanganya, unakamata chungu kwa mikono miwili na kukitikisa. Mboga zinanywea kwa maji yake zenyewe, na uchungu wa karela unakutana na chumvi ya samaki. Watu wa kusini huongeza boga na kutumia uduvi. Mbele ya Mwilokano hilo ni kosa linaloweza kuvunja uchumba.

Wafilipino wengine huwatania Wailokano kwamba ni mabahili. Lakini ubahili wa mtu aliyelipwa ahadi kwa miaka mia moja, mimi siwezi kuuita ubahili.

Wailokano hao ndio waliotangulia kwenda mbali kutafuta riziki. Desemba 1906 vibarua 15 walishuka Honolulu kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na nyuma yao wakafuata maelfu. Mlonge ukaota kwenye viwanja vyao huko Hawaii. Mwandishi Carlos Bulosan, katika kitabu chake cha mwaka 1946, America Is in the Heart, anamwonyesha mama akizunguka vijijini na samaki wa chumvi, akibadilishana kwa mchele. Kitabu hicho kinasomwa vyuoni mpaka leo. Mama mwenye chungu cha bagoong amekuwa fasihi.

Choroko za Ijumaa

Kanisa Katoliki lilileta mfungo wa nyama siku za Ijumaa, hasa wakati wa Kwaresima. Wafilipino wakaigeuza Ijumaa kuwa siku ya monggo, yaani choroko, ambazo watu wa Mombasa wanaziita pojo. Mpaka leo vibanda vya chakula Manila vinazipika siku hiyo. Chemsha choroko mpaka zipasuke, zikaangie kitunguu saumu, kitunguu maji na nyanya, tia vipande vya dagaa au samaki wa moshi ukibahatika, mwisho majani ya mlonge. Choroko na wali vikikutana vinakamilishana kwa protini. Watu walilijua hilo kwa tumbo kabla maabara haijalijua kwa vipimo. Na choroko kavu zinafura. Anayelisha kumi kwa pesa ya watano aanzie hapo.

Kusini mashariki mwa Luzon, mkoa wa Bicol, kuna laing: majani ya majimbi yaliyokaushwa, yakapikwa kwa tui la nazi na pilipili. Tui la kwanza, lile tunaloliita kasimele, wao wanaliita kakang gata, nalo huingia mwishoni. Ukiharakisha, majani yanawasha koo. Mtu wa Tanga au Unguja atajiona yuko nyumbani.

Vita, na dharau ya kiazi

Wajapani waliingia Manila Januari 1942. Mchele ukaadimika, pesa za wakaliaji zikakosa thamani, na watu wakapanda viazi vitamu popote palipokuwa na udongo. Katika miaka ile alikuwepo mwanamke ambaye jina lake vijana wote wanaopenda jiko wanapaswa kulijua: María Orosa. Alisomea kemia Marekani, akarudi kwao mwaka 1922 kufanya kazi serikalini. Aliutumia usomi wake kwa vitu vinavyopatikana bure au karibu bure: ndizi akazifanya sosi badala ya nyanya za kuagiza, pumba za mchele akazifanya biskuti za kukinga beriberi, soya akazisaga kuwa unga wa kinywaji chenye lishe. Wakati wa vita, vyakula vyake vilipenyezwa kwa siri mpaka kwa mateka waliofungiwa na Wajapani. Ndugu walimsihi atoke Manila, akakataa. Tarehe 13 Februari 1945, katika vita vya kuukomboa mji, aliuawa na vipande vya kombora. Raia wapatao 100,000 waliangamia katika mwezi ule mmoja. Majenerali wa vita vile tunawajua. Mama wa pumba na soya tunamjua?

Na kiazi kilichookoa watu, kikalipwa nini? Matusi. Katika Kitagalog cha mitaani, mwanafunzi aliyefeli anaambiwa amekuwa kamote, na mwalimu mkali humwambia arudi nyumbani akapande viazi. Ebo! Ungedhani kupanda viazi ni adhabu, si ujuzi.

Vigogo nao wamewahi kuhubiri bustani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za utawala wa Ferdinand Marcos, mkewe Imelda aliongoza kampeni ya kuwataka wananchi wapande mboga uani. Ushauri si mbaya. Lakini mwaka 1986 familia ile ilipokimbia nchi, ikulu zilikutwa zaidi ya jozi 1,000 za viatu vya mama huyo. Walalahoi walikuwa wakihesabu majani ya mlonge. Na ni serikali hiyo hiyo iliyotunga sheria ya kazi ya mwaka 1974, iliyofungua mlango wa kupeleka wafanyakazi nje. Ndivyo Wafilipino wengi walivyofika nchi za Ghuba, na ndivyo pinakbet ilivyonikuta mimi Muscat.

Mkokoteni wa Maginhawa

Usidhani haya ni ya kale tu. Tarehe 14 Aprili 2021, katikati ya korona, kijana wa kike aitwaye Ana Patricia Non aliweka mkokoteni wa mianzi katika barabara ya Maginhawa, jijini Quezon. Juu yake alipanga mboga, mchele na vyakula vya kopo, na kibao kilichowaambia watu watoe wanachoweza na wachukue wanachohitaji. Wakulima wa mkoa wa Tarlac wakaleta viazi vitamu, kamote ile ile ya matusi. Katika majuma machache mikokoteni ya aina hiyo ikaenea nchi nzima kwa mamia. Haikupita wiki mwenye wazo akashutumiwa kwamba ni mkomunisti, akausimamisha kwa muda kuhofia usalama, kisha akaendelea. Fikiria: rundo la mboga la bure lilitosha kuwatia watu hofu.

Na mwishoni mwa 2022 kuingia 2023, kilo moja ya vitunguu huko ilifika peso 700 hivi, wakati kima cha chini cha mshahara wa siku Manila kilikuwa peso 570. Kibarua alifanya kazi kutwa, na asingeweza kununua kilo ya vitunguu. Hapo unaelewa kwa nini Ate alisisitiza kupanda.

Yupo msomi wa Kifilipino, Doreen Fernandez, aliyefariki mwaka 2002. Alikuwa mwalimu wa fasihi na tamthilia, lakini akaandika sana kuhusu chakula, kitabu chake Tikim kikatoka mwaka 1994. Alikwenda sokoni, kwa wavuvi, kwa wapishi wa vibandani, akawauliza na kuandika majibu yao kwa heshima ile ile ambayo wengine wanawapa marais.

Sasa nawageukia ninyi vijana wenzangu mnaotafuta cha kuandika, mnaolalamika kwamba kwetu hakuna habari. Matembele tunayokula Dar ni majani ya kamote ile ile iliyotukanwa Manila. Muhogo na mahindi yetu yalivuka bahari kutoka Amerika kwa meli za Wareno. Wakenya wana mboga inayoitwa sukuma wiki, na jina hilo peke yake ni insha nzima ya uchumi. Bibi yako anajua mwaka gani wa njaa walikula nini, mboga gani ilichumwa porini, na nani katika ukoo alikataa kuila kwa aibu. Nenda kamuulize wiki hii. Chukua daftari, na usisahau kuuliza vipimo.